Unene Uelekee Mbeya

Vijana wa karakana, siku ya kuniaga mlinipa kiti cha kukunja. Nawashukuru, ingawa nilicheka kimoyomoyo: mtu amelala chini ya magari maisha yake yote, siku anaondoka ndiyo mnampa kiti. Nimekikalia hapa kibarazani kwangu Ipogolo, malori ya Mgololo yanapita yamebeba mizigo kupita kiasi, na kila moja nalisikiliza springi kabla sijaangalia namba. Ugonjwa huu hauna dawa. Basi nimeona niandike yale mliyokuwa mkiniuliza wakati wa chai, nami nikawajibu kwa mkato kwa sababu kazi ilikuwa inasubiri. Sasa hakuna kazi inayonisubiri.

Sitaandika habari za vyeo. Anayetaka kujua nilipandishwa lini aulize ofisini, wao ndio hupenda mambo hayo. Nitaandika habari za usukani na springi, na za mtu aliyenifundisha, Fundi Gwamaka, Mnyakyusa wa kule Tukuyu. Mengi mnayodhani ni ya kwangu ni yake. Mlikuwa mkinisikia nikisema "unene uelekee Mbeya" mnatazamana, mnadhani uzee umeniingia. Uzee umeniingia kweli, lakini maneno hayo nimekuwa nayo tangu ujana.

Nilianza kazi hapa Iringa mjini mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimetoka shule ya misheni, najua kusoma, kuhesabu na kuimba Kilatini, na katika hayo matatu hakuna hata moja linalofungua nati. Karakana yenyewe ilikuwa bati juu ya nguzo za miti, shimo moja la kuingia chini ya gari, na sakafu ya udongo iliyokunywa mafuta mpaka ikang'aa. Uwanja ulikuwa na mteremko kidogo. Kwa kuwa betri za siku zile zilikuwa za kubahatisha, malori yote yaliingia kwa juu na kuegeshwa pua ikielekea chini, upande wa barabara ya Morogoro, ili lisilowaka lisukumwe. Kwa hiyo mkia wa kila gari ulielekea Mbeya. Likumbukeni hilo, litatusumbua mbele.

Gwamaka alikuwa amelala chini ya lori, namuona viatu tu. Akauliza kutoka huko huko, "Unaitwa nani?"

"Atilio."

"Mhehe?"

"Ndiyo, Fundi."

"Kuna mbwa anashinda hapa, mweusi. Umemwona?"

Nikasema sijamwona.

"Basi tutaelewana. Ukimwona usimguse."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa na hasira za karibu ujanani, nikamjibu kwamba mbwa wa watu wanaokula ndizi asubuhi, mchana na jioni hana nyama ya kumtamanisha Mhehe. Halafu nikasikia spana inaanguka chini, na yule mtu anacheka kule chini mpaka anakohoa. Alipotoka nikaona ni mtu mfupi, mabega mapana, wa umri wa kaka mkubwa. Akanipa nyundo ndogo, kichwa chake hakizidi kidole gumba, mpini umeng'arishwa na jasho. Akasema, "Nenda kagonge springi za lile pale, kila jani. Uje uniambie limesema nini."

Kwa majuma mengi kazi yangu ilikuwa hiyo. Springi ya lori, kwa asiyejua, ni majani ya chuma yaliyopangwa, refu juu, fupi chini. Jani zima ukiligonga linalia, sauti inakaa kidogo hewani. Lenye ufa linasema "kwe" na kunyamaza. Ufa wenyewe huuoni, umejificha chini ya kutu na matope ya Mafinga, lakini sikio halidanganywi. Leo nyinyi mnasubiri jani likatike ndipo mnunue jingine. Hayo nayo ni maisha, siwalaumu.

Baada ya nyundo, grisi. "Jeki kwanza, grisi baadaye," alikuwa akisema. Mnapiga grisi kwenye kingipini, ile pini inayozungukia tairi la mbele, gari likiwa limesimama kwa uzito wake, grisi inapita upande wenye nafasi, na upande unaosagika unabaki mkavu. Inueni pua ya gari, tairi zining'inie, ndipo mpige, huku mwenzako anazungusha usukani kulia na kushoto. Tairi za mbele tulizipima kwa ufito wa mwanzi na chaki: unachora mstari kwenye tairi zote mbili, unapima kwa mbele, unazungusha, unapima kwa nyuma. Mbele lazima pawe pembamba kuliko nyuma kwa unene wa senti ya tundu. Gwamaka alipitisha kamba kwenye tundu la senti yake, akaifunga shingoni asije akaila kwa bahati mbaya, maana soko lilikuwa karibu na njaa haina adabu.

Halafu kabari. Hapa nisomeni polepole. Kati ya springi ya mbele na ekseli huwekwa kipande chembamba cha chuma, upande mmoja mnene, mwingine mwembamba. Unene ukae nyuma. Hapo ekseli inajilaza kidogo, na ukishakata kona, tairi zinarudi zenyewe kwenye mstari, huna haja ya kupigana nazo. Ukigeuza kabari, usukani unasahau kurudi. Gari linatangatanga barabarani, na dereva anatangatanga nalo.

Gwamaka hakusema "unene nyuma". Alisema "unene uelekee Mbeya." Kila kitu kilikuwa hivyo. Nati ya upande wa Mbeya. Bushi ya Mbeya imekwisha. Vuta jani kidogo Mbeya. Nilimwuliza kwa nini asiseme mbele na nyuma kama watu wengine.

"Ukilala chini ya gari, kichwa huku, miguu kule, mbele yako ni wapi?" akaniuliza. Nikanyoosha kidole huku, kisha kule. "Umeona. Mbele na nyuma zinabadilika. Mbeya haihami."

Tena alikuwa na sheria, na sheria hiyo haikuwa ya tajiri mwenye karakana, ilikuwa ya kwake: aliyefunga usukani hupanda. Ile pini ya mwisho, yenye miguu miwili, inayopita kwenye nati ya mkono wa usukani isifunguke, fundi anayeitia pini hiyo ndiye anayekaa kando ya dereva safari ya kwanza. La Morogoro, unashuka nalo Kitonga mpaka chini, unarudi na lori lingine. La Mbeya au Tukuyu, huko milima haiishi, kwa hiyo unakwenda mpaka mzigo ushushwe. Tajiri alinung'unika kwamba mafundi wanapotea, lakini aliona magari yake yanarudi salama, akanyamaza. Na mimi nawaambia, mtu anayejua kwamba kesho atakaa kwenye kiti kile pale Kitonga, nati haikazi kwa mazoea.

Nilichelewa kugundua jambo moja. Magari ya Morogoro Gwamaka aliyafunga mwenyewe. Ya Mbeya aliyatengeneza vizuri zaidi kuliko yote, akayafuta hata matope ya wiki iliyopita, halafu ikifika ile pini ya mwisho ananyoosha mkono: "Funga wewe, Mhehe." Mwanzo nilijivuna. Nikadhani ananiamini. Nikapanda mimi, nikaijua Mbeya, nikaijua Iyunga na Tukuyu na mvua zake, nikala ndizi zao mpaka nikamwomba msamaha kimoyomoyo. Nikirudi ananiuliza yote. Migomba imezaa? Kule kwa nani kumeezekwa bati? Mvua imeharibu daraja? Anauliza huku ananawa mikono, na mikono ile ilinawiwa muda mrefu siku hizo. Mara nyingine alimpa dereva kifuko cha chumvi na doti ya kanga zimfikie mama mmoja kijijini kwao. Dereva akiuliza amwambie zimetoka kwa nani, anajibu, "Mwambie zimetoka Iringa."

Tulikaa chumba kimoja yeye na mimi, sufuria moja. Baba yangu alifariki kabla sijamjua vizuri, na kama kuna mtu aliyenionyesha mwanamume anavyoamka, anavyokazana, anavyokasirika bila kupiga, ni yule. Nasema wazi kwamba nilimpenda. Sikuwahi kumwuliza kwa nini haendi kwao. Kuna maswali ukimwuliza mtu unakuwa umemvua nguo.

Sasa tuje kwa Sefu. Sefu alikuwa dereva wa Kilosa, mrefu, mcheshi, mwenye maneno mengi. Lori lake lilikuwa linashinda kwetu, na yeye akishinda nalo, amechuchumaa kando ya shimo akituangalia, mpaka akajiona naye ni nusu fundi. Huo ni ugonjwa wa madereva wote. Dereva akikwambia gari limeharibika lenyewe, mwulize wakati huo alikuwa anaendesha nani.

Karibu na masika, Sefu alikuwa anapeleka chumvi na mabati Tukuyu. Springi ya mbele ikakatika kule chini kwenye tambarare ya Usangu. Alikuwa na jani la akiba. Badala ya kutuma salamu, akafungua, akabadilisha, akafunga mwenyewe na taniboi wake, vizuri tu. Akaondoka. Baada ya mwendo mfupi usukani ukakataa kurudi. Analirudisha gari kulia, linapitiliza. Analirudisha kushoto, linapitiliza. Akakutana na kundi la ng'ombe wa Wasangu penye daraja, akapita kati yao kwa rehema ya Mungu tu. Pale njia panda ya Rujewa akaliegesha, akashuka, akakaa chini, akasema hapandi tena. Dereva mwingine ndiye aliyetuletea habari: "Sefu anasema gari limeingiwa na shetani."

"Limeingiwa na Sefu," akasema Gwamaka.

Lakini tajiri aliposema aende yeye mwenyewe, uso wa Gwamaka ulibadilika. Akasema atakwenda kama Atilio naye atakwenda. Tajiri alishangaa mafundi wawili kwenda kwa gari moja. Mimi sikushangaa. Nilijua napelekwa kufanya nini.

Tulipanda lori tupu linalofuata mchele Rujewa. Pale Makambako baridi ilikuwa kali, ukungu umefunika barabara, dereva anaendesha kwa kukisia. Gwamaka alikuwa katikati, magoti yamebana leva ya gia. Akaanza kusema bila mimi kuuliza, kwa sauti ya kawaida, kama anayenieleza habari za bushi.

"Tulikwenda vitani wawili, mimi na mdogo wangu Asajile. Kule Bama, kupigana na Wajapani. Mama alisema, nyinyi mmetoka pamoja, mrudi pamoja. Mimi nilikuwa karakana ya jeshi. Yeye aliendesha."

Nikasema, "Ndiyo, Fundi."

"Lori lake nililifunga mimi usukani asubuhi. Mvua ilikuwa inanyesha. Nikabaki kambini nikinywa chai. Likaenda bondeni, lote. Labda barabara ilimomonyoka. Labda nati. Hakuna aliyeshuka kuangalia, Atilio. Mpaka leo sijui."

Ukungu ukaanza kufunguka, tukaanza kuteremka kwenye joto la Usangu, tukavua makoti.

"Mama alipata barua ya jeshi," akamalizia. "Mimi nikarudi, nikafika Iringa, gari likasimama hapa kula chakula, nikashuka. Sikupanda tena."

Nikaielewa ile sheria, nikaelewa na ile mikono inayonawiwa muda mrefu. Moyo uliniuma sana, nikampa nusu ya kiazi changu. Alikipokea akasema, "Ndaga," asante ya kwao, akala.

Tulimkuta Sefu chini ya lori lake, halitengenezi, amejikinga na jua. Tukaanza kazi. Jeki, nondo chini ya tairi, tunatikisa: kingipini ziko imara. Tukafungua mkono wa usukani, tukaangalia vifundo vyake: vizima. Boksi la usukani halina kasoro. Ufito, chaki, senti ya tundu: sawasawa. Nikagonga majani yote, yakalia yote kama kengele ya misa. Jua limepanda, watoto wa Kisangu wamekaa mstari mmoja kutuangalia, na Gwamaka anazidi kununa, maana gari bovu lisilo na ubovu linamdharau fundi.

Ndipo akapitisha kidole kwenye ekseli, chini ya springi mpya. Akapitisha tena. Akatulia.

"Sefu," aliita, "hii kabari nani alikuonyesha?"

"Wewe, Fundi," Sefu akajibu kwa fahari kabisa. "Si unasema kila siku? Unene uelekee Mbeya. Nilihakikisha. Nilimwuliza hata mzee mmoja mwenye ng'ombe, Mbeya ni wapi, akanionyesha." Akanyoosha mkono mbele, juu ya boneti, huko lori lilikokuwa linatazama, huko barabara ilikokuwa inakwenda.

Gwamaka alitoka chini akaketi juu ya tairi ya akiba. Akamwangalia Sefu, akaliangalia lori, akaiangalia barabara. Akaanza kucheka kama siku ile ya mbwa, na mimi nikacheka, na Sefu akacheka bila kujua tunacheka nini. Halafu nikaona Gwamaka hacheki tena, anafuta macho kwa kiganja chenye grisi.

"Nilisema Mbeya haihami," akasema. "Kumbe gari linageuka."

Tukaigeuza kabari, unene ukaenda nyuma, na pale njia panda nyuma ilikuwa Iringa. Tukakaza springi, tukarudisha mkono wa usukani. Ikabaki ile pini. Gwamaka alikuwa nayo mdomoni, kama kawaida yake. Akaitoa, akaifuta kwenye suruali, akanyoosha mkono.

"Funga wewe, Mhehe."

Nataka mjue kilichokuwa moyoni mwangu. Nilitaka kuipokea. Nikiipokea, napanda mimi mpaka Tukuyu, yeye anarudi Iringa na lori la mchele, nami nikirudi namkuta chumbani anakoroga ugali. Nisipoipokea, atakwenda kwao, na mtu aliyekaa miaka yote hiyo mbali na mama yake akishafika harudi kukoroga ugali na Mhehe. Nilikuwa na mtu mmoja duniani. Mkono wangu uliinuka, naapa, uliinuka nusu.

"Hiyo siiwezi, Fundi," nikasema.

"Huiwezi vipi? Umefunga ngapi?"

"Nyingi. Hii siiwezi."

"Atilio."

"Fundi, maneno yaliyoharibu gari hili ni yako. Mimi nikifunga, nitakuwa nimepanda kwa niaba ya nani?"

Alinitazama. Nilidhani atanipiga, na ingekuwa mara ya kwanza. Sefu, ambaye hakuwa na habari ya lolote, akasema, "Jamani, mmoja wenu afunge basi, jua linakwenda."

Gwamaka akajilaza chini. Nikasikia pini inaingia. Akaifungua miguu yake polepole, mmoja juu, mwingine chini, akaipapasa. Akatoka, akaenda kwenye mfereji wa mpunga, akanawa mikono. Siku hiyo hakukawia. Akachukua ile nyundo ndogo, akanipa.

"Nitunzie," akasema. "Nakuja."

Akapanda, akafunga mlango. Lori likaondoka limenyooka kama uzi, na mimi nikabaki njia panda ya Rujewa na nyundo mkononi.

Sefu alirudi peke yake. Alinieleza mengine wakati amechuchumaa kando ya shimo, na kwa mara ya kwanza alikuwa mtu wa maneno machache. Walifika kijijini mvua ikinyesha, tena si mchezo. Mama akatoka migombani, mzee, amejifunika jani la mgomba kichwani. Akamtazama Gwamaka usoni, akamshika mkono. Kisha akapita kando yake, akaenda mpaka mlango wa lori, akachungulia ndani. Sefu akashuka, kijana mrefu. Mama akamwangalia Sefu kwa muda.

"Aliniangalia, Atilio, mpaka akahakikisha mimi siye mwanawe," Sefu alisema.

Gwamaka akasema maneno mengi kwa Kinyakyusa, amesimama kwenye mvua, hakujitetea kwa mikono. Sefu alisikia jina la Asajile. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema maneno machache, akamshika mtoto wake sikio, sikio hasa, kama mtoto mdogo, akamwingiza ndani. Sefu akamwuliza jirani mama amesemaje.

"Amesema mmoja si haba. Aingie ale."

Nilifurahi, vijana, nilifurahi kabisa. Usiku nikapika ugali wa watu wawili kwa mazoea.

Tukangoja. Ikaja habari kwamba mama hataki aende mbali tena, na kwamba Gwamaka amefungua kibanda cha ufundi Iyunga, pale Mbeya, kando ya barabara kuu, ili awe anakwenda kwao kila mwisho wa juma. Akaniletea mchele. Nikampelekea asali. Sheria yake ilikuwa inajulikana mpaka huko: aliyefunga hupanda. Kwa hiyo kila lori lililotoka Mbeya likiwa na grisi mpya kwenye kingipini, macho yangu yalikwenda kwanza kiti cha pembeni. Alikaa pale kijana huyu au yule, mfundishwa wake, amejaa vumbi. Hakuwa yeye. Madereva wakaniambia: magari ya Iringa anayatengeneza vizuri kuliko yote, lakini pini ya mwisho anawapa wengine.

Hilo liliniudhi. Nilisema, amenisahau. Alisema anakuja, basi na aje. Na mimi nikaanza kuwapa wenzangu pini za magari ya Mbeya. Nilifunga ya Morogoro tu. Nimeshuka Kitonga mara ambazo siwezi kuzitaja, na yale mawe ya Kitonga nayajua kama wakwe, na muda wote ule sikukanyaga Iyunga. Hasira za Mhehe mnazisikia kwenye utani. Ni za kweli.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya hamsini, siku ambazo kila kijiwe kilikuwa kinazungumza siasa, alikuja kwetu fundi mpya kutoka Mbeya, mtu mzima mwenye mke, jina lake Ambakisye. Hakusema alifundishwa na nani, nami sikumwuliza. Siku yake ya kwanza nikampa springi ya mbele ya lori lililokuwa linakwenda Mbeya. Alifanya kazi safi. Akapiga jeki kwanza, grisi baadaye, nikaona. Kisha akatoa kichwa chini ya gari, kabari mkononi.

"Samahani, Fundi," akaniuliza. "Iringa ni upande gani?"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Mmoja akamwambia, "Wewe, uko Iringa."

Ambakisye akaona haya. "Hapana, najua," akasema. "Ni namna tulivyofundishwa. Kwa fundi wangu magari yote yanaegeshwa mkia Iringa. Kwa hiyo tunasema unene uelekee Iringa. Bushi ya Iringa, nati ya Iringa. Tulimwambia, mzee, sema nyuma. Anakataa. Anasema mbele na nyuma zinabadilika, Iringa haihami."

Mtu yule alikuwa ameona kwa macho yake, kwenye jua la Rujewa, maneno ya namna hiyo yanavyoweza kuua watu na ng'ombe wao. Akayarudia. Alijua ni makosa, akayarudia kila siku, kwa kila gari, miaka yote ile. Nami niliyelala chumba kimoja naye, niliyejua anavyofanya na mahali anapopatamani, nikahesabu viti asivyokalia, nikasema amenisahau.

Nilitoka nje nikajifanya natafuta kopo la grisi. Niliporudi, Ambakisye alikuwa amekwisha kaza kila kitu, ameishika pini, anataka kujilaza.

"Nipe hiyo," nikamwambia.

Nikaifunga mwenyewe. Nikafungua miguu yake polepole, mmoja juu, mwingine chini, nikaipapasa. Nikanawa mikono bila kukawia. Nikaichukua ile nyundo ndogo pale ilipokuwa inaning'inia, nikaitia mfukoni, nikapanda kiti cha pembeni.

Dereva akanishangaa. "Leo ni wewe, Fundi? Unashukia wapi?"

"Iyunga," nikasema. "Kuna mtu nimemtunzia kitu chake."